Mwajiri mdogo, anza na kazi ndipo uandike tangazo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenye kampuni ndogo, zile zenye watu watano, wanane au kumi na wawili, ambazo hazina ofisa utumishi na mwenye mali ndiye anayeajiri. Kampuni ya watu 400 ikikosea mtu mmoja, kazi inaendelea. Duka la vifaa vya ujenzi lenye watu wanane likikosea mtunza stoo, mali inapungua bila maelezo, wateja wanarudi wakilalamika kuwa nondo hazikutimia, na mwenye duka anaacha kutafuta wateja ili asimame mlangoni kuhesabu mifuko ya saruji. Makosa mengi ya ajira katika biashara hizi hufanyika kabla mwombaji wa kwanza hajaleta barua. Yakishafanyika hapo, usaili hauwezi kuyaponya, hata msaili awe hodari kiasi gani.

Nitaitumia nafasi hiyo ya mtunza stoo kuwa mfano, ingawa mwenye karakana, kliniki, kiwanda cha unga au ofisi ya uhasibu anaweza kuweka kazi yake mahali pake.

Kwa muda wa wiki mbili kabla ya kutangaza nafasi, kila mtu dukani aandike kwenye daftari moja kazi iliyokwama, iliyochelewa au iliyofanywa na mtu asiyepaswa kuifanya, pamoja na muda iliochukua. Mwisho wa wiki mbili daftari litasema jambo moja kati ya matatu. Pengine inahitajika ajira kamili. Pengine kazi yenyewe ni ya saa 12 tu kwa wiki, na inamtosha mtu wa muda. Pengine hakuna nafasi yoyote, ila ufunguo wa stoo umeshikwa na watu watatu na hakuna anayewajibika. Ukiajiri katika hali hii ya tatu, utakuwa na watu wanne wasiowajibika, na mshahara mmoja zaidi wa kulipa.

Ikithibitika kwamba mtu anahitajika, andika kazi zake tano hadi saba kwa vitenzi, na kila moja uipe sehemu yake ya wiki. Kupokea mizigo na kulinganisha na oda, siku moja na nusu. Kutoa mali kwa hati, siku mbili. Kujaza kadi za stoo, nusu siku. Kuhesabu mali kwa zamu, nusu siku. Kupanga na kusafisha, siku moja. Kisha andika matokeo unayotaka kuyaona ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu, yawe ya kupimika: kadi na hesabu ya mkono zikubaliane kwenye bidhaa 18 kati ya 20 zitakazochaguliwa bila taarifa. Karatasi hii haipotei bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi, na maelezo ya kazi ni sehemu yake. Utaikamilisha tu utakapoandika mkataba.

Sasa igawe karatasi hiyo katika mafungu mawili: anachopaswa kukijua siku ya kwanza, na anachoweza kufundishwa ndani ya wiki mbili. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtunza stoo lazima ajue kujumlisha na kutoa bila kukosea, asome hati kwa makini, na awe na msimamo dereva wa lori anapomharakisha. Majina ya nondo, tofauti ya bati la geji 28 na la geji 30, namna ya kupanga saruji juu ya mbao isinyonye unyevu wa sakafu: yote hayo atayajua kwa siku chache. Lakini tangazo hutaka "uzoefu wa miaka mitano katika vifaa vya ujenzi na shahada ya ugavi". Umewafukuza vijana makini wa cheti kutoka chuo cha ufundi, na umemwita mwenye shahada ambaye anatafuta pa kujihifadhi hadi apate kazi ya taaluma yake. Akiondoka baada ya miezi minne usimlaumu. Tangazo lako ndilo lililomwita.

Kuhusu fedha, fanya hesabu kabla ya kutaja mshahara kwa mtu yeyote. Kwanza angalia amri ya kima cha chini cha mshahara inasemaje kwa sekta yako. Kisha jua gharama yote. Tuseme umepanga shilingi 450,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 ni shilingi 45,000, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5 ni shilingi 2,250. Nafasi hiyo inakugharimu shilingi 497,250 kila mwezi, kabla hujanunua sare wala viatu vya usalama. Mwajiriwa naye anakatwa 45,000 za NSSF. Zinazobaki, 405,000, zinaizidi 270,000 isiyotozwa kodi kwa 135,000, na asilimia 8 ya hizo ni kodi ya shilingi 10,800. Mkononi anapata 394,200. Ukimwambia "laki nne na nusu" bila kueleza, yeye anaelewa laki nne na nusu mkononi, na mwezi wa kwanza unaisha kwa manung'uniko ya shilingi 55,800 ambayo hayakuwa na sababu.

Mwenye wafanyakazi tisa aongeze hesabu nyingine. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, humhusu mwajiri anapofikisha wafanyakazi 10, na hupigwa kwenye jumla ya mishahara ya wote, si ya huyo wa kumi peke yake. Uliza TRA kiwango cha mwaka husika, kisha uamue kama mtu wa kumi anastahili sasa au mwakani.

Tangazo ni chujio la kwanza, na linafanya kazi pale tu linaposema ukweli wa kazi. Linaweza kuwa fupi hivi: "Anahitajika mtunza stoo mmoja, duka la vifaa vya ujenzi, Tabata. Atapokea na kutoa mali kwa hati, atajaza kadi za stoo na kuhesabu mali kila wiki. Kazi ni ya kusimama, na mara nyingine kuinua mfuko wa kilo 50. Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mapumziko saa moja. Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Mshahara shilingi 450,000 kabla ya makato. Elimu ya kidato cha nne au cheti cha ufundi. Uzoefu si lazima. Watakaochaguliwa watafanya jaribio la vitendo la dakika 40 na usaili wa dakika 45. Nauli itarudishwa. Hakuna malipo yoyote kwa mwombaji." Saa hizo zinafika 45 kwa wiki, ndio ukomo wa saa za kawaida kisheria. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na malipo yake ni mara moja na nusu.

Kuutaja mshahara kunawapa taabu waajiri wengi. Wanaogopa majirani na wafanyakazi waliopo. Lakini usipoutaja, watu wanaotaka 800,000 watakuja, watakula muda wako wa majaribio na usaili, kisha watakataa siku ya mwisho. Kama wafanyakazi waliopo wataudhika kusikia mgeni analipwa zaidi yao, shughulikia mishahara yao kwanza. Siri hiyo haidumu hata mwezi.

Yapo pia maneno ambayo hayapaswi kuonekana kwenye tangazo. "Msichana wa miaka 18 hadi 25, mwenye mvuto." "Asiwe na familia." "Mwenyeji wa mkoa fulani." Sheria niliyoitaja inakataza ubaguzi kwa jinsia, umri, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, ndoa, ujauzito, majukumu ya familia, ulemavu, hali ya VVU na mengine, na inamhesabu mwombaji kazi kuwa na ulinzi uleule wa mwajiriwa. Sharti la namna hiyo linaruhusiwa pale tu asili ya kazi yenyewe inapolidai, na kuuza simu au kupokea wageni hakudai umri wa miaka 25. Mhariri, gazeti hili na mengine yanayopokea matangazo ya kazi yangefanya jema kubwa kama yangekataa tangazo lisilo na mshahara, saa za kazi na mahali pa kazi, na kulirudisha lile lenye masharti ya jinsia na umri. Mhudumu wa dawati la matangazo anaweza kulisoma kwa dakika moja.

Tangazo lipelekwe panapofanana na kazi: chuo cha VETA kilicho karibu, TaESA (wakala wa serikali wa huduma za ajira), ubao wa serikali ya mtaa, wateja wakubwa wa duka, na kwa wafanyakazi wenyewe. Sipingi kuletewa mtu na mfanyakazi au ndugu. Mara nyingi ndiye anayeijua kazi vizuri na kuja akiwa na picha kamili. Ninachopinga ni mlango wa pembeni. Mpwa wa mwenye duka apewe jaribio lilelile, siku ileile, na karatasi yake isahihishwe na mtu asiyejua ni ya nani. Akifaulu, ataheshimiwa na wenzake. Akifeli, mwenye duka ana jibu la kumpelekea dada yake bila ugomvi.

Acha tangazo siku 10 za kazi, kisha lifunge. Kwa nafasi isiyodai shahada, maombi huweza kuwa mengi mno. Ukipata 150 na ukatumia dakika mbili kwa kila moja, hizo ni saa tano, nazo zitengwe kwenye ratiba mapema. Usisome wasifu wote kwa mpigo kama gazeti. Tengeneza jedwali lenye maswali manne tu ya ndiyo au hapana, yaliyotokana na tangazo: ana elimu iliyotajwa? Anaweza kufika kazini saa 2 asubuhi? Amekubali mshahara? Amejibu swali dogo lililokuwa kwenye tangazo? Swali hilo dogo, ambalo utaliongeza mwishoni mwa lile tangazo fupi, lina thamani kubwa. Waombe waandike kwa mistari mitano namna wangehesabu mifuko 300 ya saruji iliyopangwa bila utaratibu. Anayetuma barua ileile kwa waajiri 40 hatajibu, na anayeijali kazi atajibu hata kama Kiswahili chake kina makosa ya tahajia. Baki na watu 8 hadi 10.

Katika hatua hii usidai namba ya NIDA, vyeti halisi, picha wala majina ya wazazi. Huvihitaji bado, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye kilicho cha lazima kwa kusudi lako na ukilinde. Wasifu wa watu kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara ni tabia iachwe.

Jaribio la vitendo ndilo ninalolitetea kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu linamwonyesha mtu akiifanya kazi. Kwa mtunza stoo linahitaji uwanja, meza, na nyaraka tatu ulizoziandaa: oda ya manunuzi, hati ya mzigo na ankara. Weka rundo la nondo uwanjani. Panda makosa manne. Oda na hati zinasema nondo 40 za milimita 12. Rundo lina 37. Kati ya hizo 37, mbili ni za milimita 10. Oda inasema saruji ni shilingi 16,000 kwa mfuko, ankara inasema 16,500, kwa mifuko 200. Tofauti ni shilingi 100,000. Na jumla ya chini ya ankara imezidi kwa shilingi 18,000 kwa sababu mistari haikujumlishwa sawasawa. Mpe mwombaji kikokotoo, futi ya chuma na kalamu. Anatakiwa apokee mzigo, ajaze kadi moja ya stoo, na amwandikie mwenye duka taarifa ya sentensi nne.

Inapofika dakika ya 25, mfanyakazi mmoja anayeigiza dereva amwambie, kwa adabu lakini kwa haraka, "Nisainie niondoke, nina safari nyingine." Hapo ndipo utakapoona tofauti ambayo wasifu hauwezi kuionyesha. Wapo watakaosaini, na wapo watakaogoma kabisa na kuanza kubishana. Mwenye kuijua kazi, au mwenye akili ya kuijifunza, ataandika upungufu juu ya hati yenyewe, atasaini alichokipokea kweli, na atamtaka dereva naye asaini mahali hapo. Bila saini ya dereva, msambazaji atasema kesho kwamba mzigo ulitoka kamili.

Alama zipangwe kabla ya siku hiyo: tano kwa kila kosa lililoonekana, kumi kwa kadi, kumi kwa taarifa, kumi kwa alivyomshughulikia dereva. Jumla 50, na anayepata chini ya 30 haendi kwenye usaili. Usishushe mpaka huo baada ya kuona majina. Kama wote wamepata chini ya 30, kosa ni la jaribio au la tangazo, rekebisha urudie. Kabla ya yote, mpe jaribio hilo mfanyakazi wako mzuri wa sasa. Likimshinda au likimchukua saa nzima, limezidi.

Majaribio ya vitendo huharibika kwa njia zinazojulikana. La kwanza ni kuwatumikisha waombaji: kuwapa hesabu halisi za mwisho wa mwezi, au kumwambia fundi atengeneze mlango wa mteja kisha uuze. Jaribio litumie kazi ya kubuni, na likizidi saa mbili lilipwe. La pili ni kuvuja. Watu wa asubuhi huwaambia wa mchana, hivyo andaa matoleo mawili yenye makosa tofauti, ya uzito uleule. La tatu ni kupima kisichohitajika, kama kumpa mtunza stoo jaribio la kuchapa kwa kasi. Na nauli irudishwe siku hiyohiyo. Mtu aliyetoka Mbagala hadi Tabata kwa daladala mbili ametumia fedha ambazo pengine amekopa.

Wachukue watatu au wanne kwenye usaili. Usaili wa kuzungumza tu, ule wa "hebu jieleze kidogo", hutuvutia kwa sababu tunajiona tunamjua mtu. Kwa kweli tunapima ufasaha wake na kufanana kwake na sisi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwenye kipimo cha uhusiano kati ya matokeo ya njia na utendaji wa baadaye, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu, usaili wenye maswali yaliyopangwa ulipata 0.42, usaili huria 0.19, na miaka ya uzoefu 0.07. Tafiti hizo nyingi ni za Marekani na Ulaya, lakini sababu ya tofauti hiyo inaeleweka popote: watu wakiulizwa mambo tofauti, majibu yao hayalinganishiki.

Andaa maswali sita, yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa dakika 45. Wasaili wawe wawili. Peke yako utadanganyika, na wakiwa watano mwombaji anatetemeka. Kila swali liwe na mfano wa jibu la alama 1, 3 na 5, ulioandikwa mapema. Kwa mfano: "Zimebaki dakika kumi ufunge stoo. Kadi inasema mifuko 64, wewe umehesabu 61. Utafanya nini kabla ya kuondoka?" Anayesema atafuta 64 aandike 61, au atajaza mapengo kwa fedha yake kimyakimya, apewe 1. Anayesema atahesabu tena na kumwambia bosi kesho, 3. Anayesema atahesabu tena, atapitia hati za kutoa mali za siku hiyo, ataandika upungufu kwa tarehe bila kuifuta 64, na atamjulisha mwenye duka jioni hiyo, 5. Huyo wa kujaza mapengo kwa fedha yake huonekana mwaminifu, na pengine ndivyo alivyo. Lakini anakuficha tatizo, na mwezi unaofuata litakuwa kubwa kuliko mshahara wake.

Maswali mengine mawili yaulize yaliyopita: "Tueleze mara ya mwisho ulipogundua mali au fedha imepungua. Ilikuwa kiasi gani, ulimwambia nani, baada ya muda gani?" Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa aruhusiwe kutoa mfano wa kikundi cha kuweka akiba, kamati ya harusi, chuo au msikiti. Msaili asimsaidie kumaliza sentensi. Kila msaili aandike alama zake kwanza, ndipo mzungumze. Mwenye duka akitangulia kusema "huyu nimempenda", msaili wa pili, ambaye ni mwajiriwa wake, hatasema alichokiona.

Lugha ya usaili iwe lugha ya kazi. Mtunza stoo atakayezungumza Kiswahili na madereva, mafundi na wateja mwaka mzima asisailiwe kwa Kiingereza. Ukifanya hivyo umepima Kiingereza, na umewaangusha watu wenye akili safi kwa kitu ambacho kazi haikihitaji. Kama kuna ankara za Kiingereza, mpe ankara ya Kiingereza kwenye jaribio uone kama anaielewa. Na usimwulize mwanamke ana mpango wa kuzaa lini, wala mtu yeyote anasali wapi. Kama hofu yako ni mahudhurio, waulize wote swali moja: "Kazi inaanza saa 2 kamili, pamoja na Jumamosi. Kuna jambo linaloweza kukuzuia?"

Baada ya usaili unabaki na wawili. Piga simu kwa waajiri wao wa zamani, lakini tafuta namba ya kampuni mwenyewe badala ya kuitegemea iliyo kwenye wasifu, kwani namba hiyo inaweza kuwa ya binamu. Mwombe mwombaji ruhusa kwanza, hasa kama bado yuko kazini, na kwa mwajiri wake wa sasa usipige kabla hujatoa ahadi ya ajira. Usiulize "ni mtu mzuri?" maana kila mtu atasema ndiyo. Uliza alifanya kazi gani hasa, kuanzia lini hadi lini, alikabidhi stoo kwa hesabu ya namna gani alipoondoka, na kama wangemwajiri tena kesho. Kimya cha sekunde tatu kabla ya jibu la swali hilo la mwisho kiandike. Matokeo ya kidato cha nne yanaweza kulinganishwa na yaliyochapishwa na NECTA kwa namba ya mtahiniwa. Kwa nafasi ya mhasibu mwenye CPA, yaani sifa ya juu ya taaluma ya uhasibu, waulize NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa ni desturi nzuri kwa anayeshika mali, mradi wadhamini waonwe ana kwa ana na waelezwe wanadhamini nini. Saini iliyopatikana barabarani haina kazi.

Ratiba nzima inachukua wiki saba: mbili za daftari, mbili za tangazo, moja ya kuchuja na jaribio, moja ya usaili, moja ya simu na mkataba. Ongeza siku 28 za notisi ambazo aliyeko kazini kwa mshahara wa mwezi anapaswa kumpa mwajiri wake. Kwa hiyo anayetaka mtu aanze Januari aanze kujipanga katikati ya Oktoba. Wengi huanza siku mtunza stoo wa zamani anapoondoka, na haraka hiyo ndiyo inayomwingiza mtu wa kwanza aliyepita mlangoni.

Mkataba usainiwe kabla ya siku ya kwanza kazini, ukionyesha kazi, mahali, saa, mshahara na unavyokokotolewa, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Nakala moja apewe. Kukitokea mgogoro mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wako. Maandishi hayo sheria inakutaka uyatunze miaka mitano baada ya ajira kukoma.

Yule wa pili usimwambie "tutakupigia". Mwambie ukweli, kwamba amekuwa wa pili, na muulize kama unaweza kumpigia ndani ya siku 60. Wa kwanza anaweza kuacha katika mwezi wa kwanza, na hapo utakuwa na mtu aliyepimwa badala ya kuanza upya. Wengine waliofanya jaribio watumiwe ujumbe wenye alama zao na jambo moja walilokosa. Kwa watu kumi ni kazi ya nusu saa. Wote 150 watumiwe ujumbe mmoja kwamba nafasi imejazwa.

Kipindi cha majaribio kiandikwe kwenye mkataba. Kanuni za mwaka 2007 zinakiruhusu hadi miezi 12, lakini kwa stoo miezi mitano inatosha, na ipo sababu ya kuchagua mitano. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali humfikia mwajiriwa akitimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Hilo halikupi ruhusa ya kumwondoa bila kumsikiliza. Kanuni zinataka umweleze upungufu wake, umpe muda wa kujirekebisha na nafasi ya kujibu, na ubaguzi umekatazwa tangu siku ya kwanza. Lakini linakuwekea tarehe. Kaa naye wiki ya 4, ya 10 na ya 16, nusu saa kila mara, na karatasi ileile ya kazi zake na yale matokeo ya mwezi wa tatu. Mwandike mlichokubaliana na mtie saini wote wawili. Wiki ya 20 uamue. Ukiamua kumthibitisha, mpe barua wiki hiyohiyo, asikae akihesabu siku. Ukiamua kutoendelea naye, notisi ya siku 28 itaisha kabla ya miezi sita kutimia, na kazi ya kukabidhi stoo ianze siku hiyo ya notisi: mhesabu mali pamoja, bidhaa kwa bidhaa, mbele ya mtu wa tatu, na kadi zisainiwe na pande zote mbili kabla ufunguo haujabadili mkono.

Wako,
Mshauri wa ajira kwa biashara ndogo,
Dar es Salaam